Injini moja ikizimika, si inabaki nyingine? Swali kuhusu ndege za Meteor

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa ndege, mwaka wa pili, hapa Nairobi. Nimesoma kwamba Jeshi la Anga la Uingereza lilipoteza ndege 890 za kivita za jeti aina ya Meteor, na marubani 450 wakafa nazo. Nyingi hazikudunguliwa na adui, zilianguka zenyewe wakati wa amani. Kinachonitatiza ni kwamba Meteor ilikuwa na injini mbili, na darasani tunaambiwa injini ya pili ni akiba. Sasa ikizimika moja, si inabaki nyingine? Ilikuwaje wakafa wote hao? La pili, babu yangu alikuwa kibarua kwenye uwanja wa ndege wa Eastleigh miaka ya 1950 na anasema aliziona Meteor pale. Je, mwinuko wa Nairobi uliziongezea hatari au uliipunguza?

JIBU: Marahaba. Injini ya pili ni akiba ukiwa juu na una kasi. Ukiwa chini na kasi imekwisha, injini nzima ndiyo inayokuua, si ile iliyozimika. Wengi waliokufa na Meteor walikufa wakiwa na injini moja inayonguruma vizuri kabisa.

Anza na mkokoteni. Vijana wawili wanausukuma, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wa kushoto akiteleza na kuachia, mkokoteni hauendi mbele kwa nusu ya nguvu. Unageuka kushoto na kuingia mtaroni, na kadiri wa kulia anavyosukuma kwa bidii ndivyo unavyogeuka haraka. Injini za Meteor zilipachikwa katikati ya mabawa, mbali na mwili wa ndege. Katika toleo la nne na la nane kila moja ilikuwa Derwent ya Rolls-Royce, yenye msukumo wa pauni 3,500, yaani karibu kilo 1,600. Moja ikizimika, zile kilo 1,600 za upande wa pili zinavuta pua ya ndege kuelekea upande uliokufa.

Kinachozuia pua isigeuke ni usukani wa mkiani, ule ubao wa wima unaoendeshwa kwa pedali za miguu. Hapa nahodha yeyote wa jahazi anaweza kukufundisha kuliko mimi: chombo kisicho na mwendo hakisikii usukani. Usukani hauna nguvu yake wenyewe, unaazima nguvu ya maji yanayoupita. Wa ndege unaazima ya hewa, na deni hilo linakua kwa mraba wa kasi. Usukani unaokupa nguvu kamili kwenye noti 200 (noti ni kipimo cha kasi cha marubani na mabaharia) unakupa robo tu kwenye noti 100. Msukumo wa injini ya jeti, kwa upande wake, haujali sana kasi; kwenye noti 100 unasukuma karibu sawa na kwenye noti 200.

Weka hayo mawili pamoja uone. Ndege inapopunguza mwendo, uwezo wa usukani unaporomoka, lakini injini nzima inavuta vilevile. Kuna kasi ambayo nguvu hizo mbili zinalingana. Ukishuka chini ya kasi hiyo huku injini ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, pedali imegonga sakafu, mguu umenyooka kama mchi, na pua bado inageuka. Na haiishii kugeuka. Bawa la upande wa injini nzima linakimbia mbele, linapata hewa zaidi na kuinuka. La upande uliokufa linarudi nyuma na kushuka. Ndege inalala ubavu, halafu inalala chali. Kwenye futi 300 mchezo wote huo ni wa sekunde chache.

Katika Meteor, kasi hiyo ya usalama ilikuwa juu kuliko kasi ambayo magurudumu yanaachana na ardhi. Maana yake, kila mara rubani alipopaa kulikuwa na pengo la muda mfupi ambapo tayari yuko hewani lakini bado hajafika kasi ya kuweza kumudu injini moja. Ikizimika ndani ya pengo hilo, jambo sahihi lilikuwa kuinyamazisha na ile nzima, kisha kutua mbele yako popote palipo, iwe shambani au kwenye ua wa nyumba ya mtu. Fikiria kijana wa miaka 20 anaambiwa ainyamazishe kwa mkono wake injini pekee inayofanya kazi. Silika yote inakataa.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa wakati wa kutua. Rubani anakuja na injini moja, magurudumu yamefunguliwa, anapunguza mwendo kama kawaida. Injini nzima iko nusu tu, kwa hiyo ndege imetulia na mguu hauoni taabu. Ghafla anaona amekuja mfupi, au kuna ndege nyingine bado iko njiani. Anafanya alichofundishwa tangu siku ya kwanza, anafungua injini hadi mwisho ili apande tena. Kumbe kasi yake tayari iko chini ya ile ya kulingana. Hapo alipofungua injini ndipo alipojipindua. Kwa hiyo kulikuwa na kimo na kasi ambayo ukishaipita, huna ruhusa ya kubadili nia. Umeamua kutua, tua, hata kama ni kwenye nyasi kabla ya njia.

Ongeza na tabia za jeti za wakati ule. Marubani waliotoka kwenye injini za pangaboi walizoea kusukuma wenzo wa mafuta na kupata nguvu papo hapo. Derwent ilihitaji sekunde kadhaa kupanda kutoka chini kabisa hadi nguvu kamili, na ukiisukuma kwa pupa unaweza kuichoma au kuizima. Tena injini mbili hazipandi sawasawa. Moja hutangulia, na kwa muda huo ndege ya injini mbili nzima inafanya kama ya injini moja. Kuhusu pedali, usifikirie mitambo ya maji ya kusaidia kama unayoiona kwenye ndege unazosomea sasa. Ilikuwa nyaya na mguu wa binadamu. Waliozirusha husimulia jinsi goti lilivyofungwa na paja lilivyotetemeka kabla hata njia haijaonekana. Mtu mfupi, au aliyekaa kiti kikiwa nyuma kidogo, alikuwa ameshindwa kabla hajaanza.

Sasa, Derwent haikuwa injini mbovu. Ilikuwa imara kwa umri wake, na haikuzimika ovyo. Basi injini zilizimwaje mara nyingi hivyo? Zilizimwa na walimu. Kila mwanafunzi alipaswa kujifunza kurusha na kutua kwa injini moja, kwa hiyo kila siku, juu ya kila shule ya urubani, kulikuwa na Meteor zinazozunguka na injini moja kwa makusudi. Katika miaka ya mwanzo wengine waliizima kabisa badala ya kurudisha wenzo tu, kwa hoja kwamba zoezi lifanane na ukweli. Likafanana. Mwanafunzi akikosea kwenye futi 400, injini iliyozimwa haiwashwi tena kwa wakati. Kati ya marubani wa zama zile ni jambo linalosemwa wazi kwamba zoezi la kuzimika injini liliua watu wengi kuliko kuzimika kwenyewe. Mimi naliamini, kwa sababu nimekaa kwenye kiti hicho cha mwalimu.

Nilikuwa nafundisha kwenye ndege ndogo ya injini mbili za pistoni kutoka uwanja wa Wilson, hapa Nairobi. Tunapanda hadi kimo salama juu ya tambarare za Athi, naweka karatasi ya ukaguzi mbele ya nyenzo ili mwanafunzi asione mkono wangu, narudisha mmoja. Kanuni ni nyepesi, mguu uliolegea ndio upande wa injini iliyokufa. Pua imekwenda kushoto, umekanyaga kulia kuizuia, mguu wa kushoto hauna kazi, basi iliyokufa ni ya kushoto. Siku hiyo kijana akatamka kwa sauti, sawasawa kabisa, "Mguu wa kushoto umelegea, injini ya kushoto." Na mkono wake ukaenda kwenye wenzo wa kulia. Nikaushika kifundo. Akaniangalia kama nimemwonea, akatazama mkono wake, akauondoa kama ameshika jiko. Alikuwa mwanafunzi hodari, na leo ni rubani mzuri. Tulikuwa juu mno, tulikuwa na muda wa kucheka. Wale wa Meteor wengi walikuwa kwenye mzunguko wa kutua.

Tena kulikuwa na kipindi ambacho mwalimu hakuwamo kabisa. Meteor iliingia kazini Julai 1944, lakini ya viti viwili ya mafunzo, ile inayoitwa T.7, iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1948. Katikati hapo rubani aliyetoka kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya pangaboi, alipewa kijitabu, akaonyeshwa vipimo akiwa ardhini, akapigwa begani, akaenda peke yake. Wengi waliweza. Ndiyo maana wakubwa hawakuona haraka ya kubadili.

T.7 nayo ilipokuja ilikuja na ugonjwa wake, na huu nakuomba uusome kama fundi. Meteor ilikuwa na breki za hewa, vibao vinavyofunguka juu na chini ya bawa kupunguza mwendo. Ukivisahau wazi kisha ukafungua magurudumu, hewa inayokwenda mkiani inavurugika na mkia unapoteza nguvu. Magurudumu yenyewe hayakushuka pamoja, mguu mmoja ulitangulia mwingine, na hilo tu lilitosha kuivuta pua upande. Mkia usio na nguvu haukuweza kuirudisha. Ndege ilijigeuza na kuzama ardhini kutoka kwenye mzunguko wa kutua, injini zote mbili zikiwa nzima. Marubani waliliita tukio hilo kwa jina la mzuka, kwa kuwa aliyesimama chini aliona ndege tulivu ikizama bila sababu. Dawa yake ilikuwa ya kitoto: funga breki za hewa kabla ya kugusa wenzo wa magurudumu. Lakini dawa inayotegemea kumbukumbu ya mtu si dawa ya kuaminiwa. Mwaka 1988, miaka 40 baada ya T.7 ya kwanza kuruka, moja ya maonyesho ilianguka Coventry kwa namna hiyohiyo, na rubani wake, mtu mwenye uzoefu, akafa.

Utauliza, mbona hawakuruka nje? Kiti cha kurusha rubani kilikuwepo, na kejeli ni kwamba kilijaribiwa kwenye Meteor. Tarehe 24 Julai 1946, Bernard Lynch, fundi wa kampuni ya Martin-Baker, alirushwa kutoka kiti cha nyuma cha Meteor iliyokuwa ikienda zaidi ya kilomita 500 kwa saa, akatua salama. Hata hivyo Meteor za toleo la nne zilizojaa vikosini hazikuwa nacho, T.7 haikuwa nacho, na zile za usiku za watu wawili hazikuwa nacho. Kilianza kuenea na toleo la nane, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na hata hivyo, kiti cha kwanza kile kilikutoa ndani ya ndege tu; kujifungua mikanda na kuvuta mwavuli ilikuwa juu yako. Kwenye futi 300, ndege ikiwa chali, hakikukusaidia chochote isipokuwa kufika ardhini mapema.

Ajali zote hazikuwa za injini moja. Breki za magurudumu zilikuwa dhaifu. Mafuta yalitosha chini ya saa moja, na jeti iliyo chini inayanywa kuliko iliyo juu, kwa hiyo rubani aliyekuta uwanja umefunikwa na ukungu hakuwa na nafasi ya kutafuta mwingine. Hilo halikuishia kwa Meteor: tarehe 8 Februari 1956 ndege 8 aina ya Hunter ziliruka kutoka West Raynham, mawingu yakashuka hadi karibu na ardhi, na 6 zikapotea kwa kukosa mafuta. Rubani mmoja alikufa.

Mwaka mbaya kuliko yote kwa Meteor ni 1953, ndege 145 kwa mwaka mmoja. Gawa uone, ni moja kila siku mbili na nusu. Vita vya Korea vilikuwa vimelifanya jeshi lipanuke haraka, shule zikafunguliwa, na vijana wa jeshi la lazima wakaingizwa kwenye jeti na saa chache za kuruka. Walimu wenyewe wengine walikuwa wageni kwenye jeti. Kuhusu mbona waliendelea, kumbuka waliokuwa wakiamua. Walikuwa maofisa waliotoka kwenye Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo kikosi cha mabomu cha Uingereza peke yake kilizika watu 55,573. Machoni pao, rubani mmoja Jumatatu na mwingine Alhamisi ilikuwa hasara ya kazi. Mimi siwatetei, lakini hesabu zao usipozijua huwezi kuelewa kwa nini ndege iliyokuwa na kosa linalojulikana haikusimamishwa.

Usidhani pia kuwa injini nyingi zaidi zingewaokoa. Mwaka uleule, tarehe 18 Juni 1953, ndege ya mizigo ya Marekani aina ya C-124, yenye injini 4, ilipaa Tachikawa, Japani, ikiwa imejaa askari. Muda mfupi baada ya kupaa injini ya kwanza, ya nje kushoto, ilikufa. Rubani akaanza kugeuka arudi uwanjani, mwendo ukapungua kwenye kona, akafungua vibao vya mabawa, navyo vikala kasi iliyobaki. Ndege ikaishiwa na hewa ya kuibeba. Watu 129 walikufa, ajali mbaya kuliko zote zilizokuwa zimewahi kutokea hadi siku hiyo. Injini 3 zilikuwa zima. Kilichokosekana ni kasi.

Kwa upande mwingine, rubani wa Vampire, jeti ya injini moja ya zama hizohizo, ikizimika alijua moja, kwamba sasa anashuka. Lakini alishuka pua ikiwa mbele, bila kitu cha kumvuta pembeni. Sisemi Vampire ilikuwa salama kuliko Meteor. Nasema adui yake alikuwa mmoja naye alimwona.

Sasa la babu yako. Ameona vizuri. Meteor chache za kupiga picha zililetwa Eastleigh mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, zikapiga picha misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Uwanja huo leo ni kambi ya Moi ya Jeshi la Anga la Kenya, na uko karibu futi 5,300 juu ya usawa wa bahari.

Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa, hata kabla hujaongeza joto la mchana. Injini ya jeti inakula hewa, kwa hiyo nayo inapoteza msukumo kwa kiasi kama hicho. Injini nzima ikivuta kidogo, usukani unaimudu kwenye kasi ya chini zaidi. Kwa kipimo hicho kimoja, Nairobi ilipunguza hatari ya kupinduka. Usifurahi bado. Kasi ambayo bawa linaishiwa na hewa ya kulibeba, kwa kipimo cha ndani ya ndege, haibadiliki na kimo. Kwa hiyo kasi ya kupinduka imeshuka na kuisogelea hiyo ya bawa kuishiwa na hewa. Kwenye ndege ndogo za pistoni tunazofundishia Wilson, siku ya joto, mwanafunzi anaweza kuishiwa na hewa ya bawa kabla hajaishiwa na usukani, na bawa likidondoka huku injini moja inavuta, ndege inaanza kujizungusha kama pia. Zoezi linalofanyika kwa utulivu Dar es Salaam unalifanya hapa ukiwa na futi elfu kadhaa za ziada chini yako, au huligusi. Na kupanda kwa injini moja ni ndoto. Ndege ndogo inayopoteza injini haipotezi nusu ya uwezo wake wa kupanda, inapoteza kama asilimia 80. Pale Wilson saa 8 mchana, iliyobaki huenda isitoshe hata kukushikilia ulipo.

Kwa Meteor za babu yako, nadhani taabu halisi ilikuwa ardhini. Rubani anatua kwa kipimo kilekile anachokijua, tuseme noti 110. Hewa ikiwa nyepesi, ardhi inampita kwa noti 120 na zaidi. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo asilimia 10 ya mwendo inakuwa asilimia 20 na ushei ya kazi kwa breki, na breki za Meteor zilikuwa zinalalamikiwa hata huko Uingereza kwenye viwanja vya usawa wa bahari. Muulize babu kama anakumbuka walivyokuwa wakibadilisha matairi.